Mdogo wangu kaweka Ubuntu, D yote imeondoka na picha za harusi za wateja

Kaka habari za kazi, naomba unisaidie maana hapa nilipo hata chakula hakipiti. Mi ni mpiga picha niko Morogoro, napiga harusi, sendofu, kichenpati, kipaimara, mahafali, yaani shughuli zote. Nikitoka ukumbini natoa picha kwenye memori kadi naziweka kwenye laptopu, patisheni ya D, kila mteja ana folda lake na kila mwaka una folda lake. C ni ya Windows na programu tu, sijawahi kuweka kazi pale kwa sababu mafundi wote walionishikia hii mashine walikuwa wananiambia weka vitu vyako D, hata tukipiga Windows upya D haiguswi. Na kweli ilishapigwa Windows mara kadhaa na D ikabaki vile vile, kwa hiyo mi nikajua D ndo sehemu salama.

Sasa mdogo wangu wa kiume kaanza chuo mwaka wa kwanza anasoma mambo ya kompyuta, wakaambiwa kwenye somo fulani wawe na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Laptopu yangu huwa namruhusu kuitumia, usiku mi nimelala yeye akaweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kwa flashi. Anasema ilimuuliza anataka kuweka kwa namna gani, akachagua ile ya kufuta diski na kuweka Ubuntu, akili yake ilimwambia inafuta Windows tu ambayo kwanza ilikuwa nzito na ina virusi, akabonyeza endelea endelea hadi mwisho. Asubuhi nawasha nakuta rangi ya zambarau, Windows hakuna, nafungua mafaili natafuta D hakuna, linaonekana dude moja kubwa halina kitu. Nilikaa chini sakafuni.

Humo ndani kulikuwa na kazi za miaka yote tangu nianze biashara. Za zamani wateja walishachukua, lakini kuna harusi mbili sijakabidhi, nilikuwa bado nazisafisha rangi. Na mojawapo ndo inayoniua kabisa, bibi yake bibi harusi alifariki wiki chache baada ya ile harusi, na mi nilimpiga picha nyingi tu siku ile, alicheza, alimlisha mjukuu wake keki. Familia wananipigia wanataka zile picha na mi nawaambia zinakuja.

Nimeenda kwa fundi mmoja hapa mjini kasema kazi ndogo, nimpe laki mbili na nusu, kwanza atapiga Windows upya arudishe C na D kama zilivyokuwa halafu ndo aingize programu ya kurudisha mafaili. Fundi mwingine kaangalia dakika moja kasema hapo hamna kitu, sahau. Nimebaki katikati. Laptopu siyo mpya, ni mtumba kutoka nje, diski yake ni TB 1, C ilikuwa kama GB 180 na D GB 750, na huwa ikifungua mafaili mazito ukiwa karibu unaisikia inakwaruza kwa ndani. Tangu hiyo siku dogo aliitumia kidogo kwa kazi za chuo kabla sijamnyang'anya.

Na nyumbani siyo pazuri. Nilimtolea maneno makali sana, sasa hatoki chumbani nikiwepo, mama anasema nimsamehe ni vitu tu vya kwenye kompyuta. Mi naona siyo vitu tu, ni kazi yangu na jina langu. Naomba unijibu kweli, hizi picha zinarudi au hazirudi? Nimpe huyu fundi hela? Wateja niwaambie nini? Na huyu mdogo wangu nifanye naye nini?

Dada mpiga picha, Morogoro

JIBU

Pole sana dada yangu. Kabla ya maneno mengine yoyote, kama hiyo laptopu imewaka izime sasa hivi na isiwashwe tena na mtu yeyote kwa sababu yoyote, hata kwa kuangalia tu kama picha zimerudi. Na laki mbili na nusu usimpe yule fundi wa kwanza. Nitakueleza kwa nini, ila hayo mawili yafanye kwanza ndo urudi kusoma.

Jibu la swali lako la kwanza: kwa jinsi ulivyoeleza, kuna matumaini ya kweli. Siyo ya picha zote, wala siwezi kukuahidi kwamba harusi ile ipo nzima, lakini fundi wa pili aliyekwambia sahau amekukatisha tamaa bila kupima.

Kitu kilichotokea ni hiki. C na D zilikuwa diski moja, chumba kimoja kimekatwa katikati kwa pazia. Unapopiga Windows upya fundi akachagua patisheni ya kwanza peke yake, upande wa pili wa pazia haukuguswa, ndo maana kila mara D ilibaki na wewe ukaamini ni sehemu salama, na hilo imani liko kwa watu wengi mno Tanzania nzima, wanafunzi, steshenari, mpaka maofisini nimelikuta. Lakini ile chaguo aliyobonyeza mdogo wako inaongelea diski yote, pazia na kila kitu. Ubuntu ikaandika jedwali jipya la patisheni, ikatengeneza sehemu ndogo ya kubutia, yaani ya kuwashia mashine, halafu eneo lote lililobaki ikalifomati kwa mfumo wake wa kupanga mafaili unaoitwa ext4. Mfumo huo hauna habari kwamba pale palikuwa na D ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, kwa hiyo kwako panaonekana tupu.

Kuonekana tupu na kuwa tupu ni mambo mawili tofauti. Kufomati kwa namna hii hakupiti sehemu yote ya diski kuifuta, kunaandika miundo ya mfumo mpya hapa na pale, na Ubuntu yenyewe baada ya kuwekwa inachukua GB kumi na kitu. Diski yako ni ya GB 930 na ushee. Picha ambazo sehemu yake haijaandikwa juu bado ziko pale pale zilipokuwa, kilichopotea ni njia ya kuzifikia.

Sasa kwa nini nimekwambia izime. Ext4 ikiwekwa kwenye diski kubwa haimalizi kuandaa majedwali yake papo hapo, inaacha kazi iendelee taratibu nyuma ya pazia la skrini wakati nyie mnatumia mashine, inapita diski nzima ikiandika sifuri kwenye maeneo ya majedwali. Kwa mipangilio ya kawaida ya Ubuntu kwenye diski ya TB 1 ni kama GB 15 hivi zimegawanywa vipande vipande diski nzima. Inawezekana kwako ilishamaliza, inawezekana haijamaliza. Ongeza masasisho yanayojipakua yenyewe, ongeza kivinjari kinachohifadhi kila picha ya kila ukurasa, na kila kimoja kinaweza kuangukia juu ya folda la mteja wako. Ndo maana kuwasha "kuangalia tu" kunagharimu.

Halafu kuna lile ulilolitaja kama jambo dogo, kwamba ukiwa karibu unaisikia inakwaruza ndani. Dada hiyo ndo habari nzuri kuliko zote kwenye barua yako. Inayosikika hivyo ni diski ya kuzunguka, HDD, ina sahani na sindano inayosogea. Ingekuwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hungesikia kitu, na mi ningekuandikia barua nyingine kabisa. Kwenye SSD, Ubuntu ikifomati inaiambia diski moja kwa moja kwamba eneo hili lote halina kazi tena, amri hiyo inaitwa TRIM, Windows nayo inafanya hivyo hivyo ikifomati. Baada ya hapo diski inasafisha yenyewe kwa ndani na ukijaribu kusoma inakurudishia sifuri, programu ya laki tano au ya bure zote zitakuta sifuri. Wasomaji wengine wenye laptopu za miaka ya karibuni nawaomba mlisikie hili vizuri, karibu zote ni SSD, na nyingi za Windows 11 diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data, hapo hata kipande kikipatikana hakisomeki bila ule ufunguo wa tarakimu 48 ambao mara nyingi unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Wewe dada kwa bahati hauko huko. Ila hakikisha, diski ikishatolewa soma lebo yake, na kama mlio ni ule wa tik tik tik unaojirudia kwa mpigo mmoja badala ya kukwaruza kwa kawaida, hiyo ni dalili ya ubovu wa diski yenyewe, mtu asiiwashe kabisa nje ya sehemu inayofungua diski kitaalamu.

Turudi kwa fundi wa laki mbili na nusu. Mpango wake wa kupiga kwanza Windows ndo "turudishe kama ilivyokuwa" ni kosa linaloua data nyingi kuliko hata lile la mdogo wako. Ubuntu imeandika mara moja. Windows itaandika mara ya pili, GB 20 na zaidi za mafaili yake, na faili lake la kumbukumbu ya ziada, na lile la kuhifadhi kazi mashine inapolala, halafu itaanza kupakua masasisho ya GB kadhaa, halafu na hiyo programu ya kurudisha itaingizwa humo humo, na akishaanza kurudisha atahifadhi wapi picha zilizopatikana? Kwenye D mpya, yaani juu ya picha ambazo bado hajazipata. Nimeona hii mara nyingi kiasi kwamba nikisikia fundi anaanza na "ngoja nipige Windows" huwa namwomba mwenye mashine aichukue aondoke nayo. Simsemi vibaya huyo ndugu, huenda ni mzuri kwa mambo mengine, lakini kwa hili mwambie asante, chukua laptopu yako.

Njia ya kweli ni hii. Diski itolewe kwenye laptopu, ni skrubu chache tu, fundi yeyote wa simu na kompyuta anaweza. Iunganishwe kwenye kompyuta nyingine kwa kile kiwaya cha SATA kwenda USB. Kama kompyuta hiyo ni ya Windows itakuja na ujumbe inasema diski haisomeki, inataka kuifomati, inabembeleza kabisa, jibu ni hapana, funga huo ujumbe. Halafu, na hapa ndo wengi wanaruka kwa haraka, kabla ya kutafuta faili hata moja unatengeneza nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski kama kilivyo, kwenye diski nyingine. Programu inayofaa ni ddrescue ya mradi wa GNU, ni ya bure, inatumika ukibuti Linux kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye mashine. Anayeifanya awe makini ajue ipi ni diski ya kusomwa na ipi ya kuandikiwa kwa sababu ukizigeuza umeimaliza kazi yote kwa amri moja. Kwa USB 3 diski kama yako inachukua masaa matatu, manne, kwa USB 2 ni kama usiku mzima. Ikishamaliza, ile diski yako halisi iweke kwenye bahasha, andika jina, ifungie kabatini. Kila kitu kuanzia hapo kinafanyika kwenye nakala. Kikiharibika unatengeneza nakala nyingine.

Ndo maana hela yako, badala ya kumpa fundi, ianze kununua eksteno ya TB 2. Nusu inabeba nakala, nusu inapokea picha zitakazopatikana. Najua siyo hela ndogo, lakini hata kama hapatapatikana kitu utabaki na eksteno ambayo ulikuwa unaihitaji kwa vyovyote.

Kwenye nakala kuna hatua mbili na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni TestDisk, imetengenezwa na Christophe Grenier, ni ya bure, inafanya kazi Windows na Linux. Hii inatafuta patisheni zilizopotea. NTFS ina tabia moja nzuri, inaweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwisho kabisa wa patisheni, na kwa mpangilio wa kawaida D yako ilikuwa upande wa mwisho wa diski ambako mara nyingi Ubuntu mpya inakuwa haijafika na mzigo mkubwa. TestDisk ikiiona inaweza kukuonyesha D yako na mafolda yake, majina ya wateja wako yale yale, na unakopi kutoka pale. Itategemea kama lile jedwali la NTFS linaloitwa MFT limepona. Kwa patisheni iliyofomatiwa na Windows jedwali hilo kwa kawaida linaanza kama GB 3 kutoka mwanzo wa patisheni, na linachukua kilobaiti 1 kwa kila faili, kwa hiyo hata ukiwa na picha elfu hamsini ni kama MB 50 tu, kitu kidogo kwenye eneo kubwa, kwa hiyo nafasi ya kuponyoka ipo. Likiwa limeguswa sehemu tu utapata baadhi ya mafolda na mengine hapana.

Angalizo kwa atakayeishika TestDisk: kuna sehemu inakuuliza iandike jedwali la patisheni. Usiandike. Orodhesha mafaili, kopi, basi.

Kama MFT imekufa ndo unaingia ya pili, PhotoRec, ya mtu huyo huyo na inakuja pamoja na TestDisk. Hii haijali mfumo wa mafaili kabisa, inasoma diski kuanzia mwanzo mpaka mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili inaanza nazo, na inazijua aina zaidi ya 480, JPEG na mafaili ghafi ya Canon na Nikon yamo. Ubaya wake haijui majina wala mafolda. Utapata mafolda mengi yenye picha maelfu zimechanganyika, harusi na kipaimara na picha za vitufe vya tovuti ulizowahi kufungua, zote zimepewa majina ya namba. Usikate tamaa ukiona hivyo. Kila picha ya kamera inabeba ndani yake habari za EXIF, tarehe na saa ilipopigwa, kamera gani, lenzi gani. Programu ya exiftool, ya bure pia, inaweza kuzipanga zote kwa tarehe kwa amri moja. Ukiijua tarehe ya ile harusi, na saa ya kamera yako ilikuwa sahihi, utaikuta harusi nzima imejipanga kuanzia bibi harusi anapambwa mpaka ukumbi unafungwa. Video ni ngumu zaidi kwa sababu mafaili makubwa huenda yamekatwa vipande, nyingine zitakataa kufunguka, jiandae kwa hilo.

Kama hamna mtu wa kuaminika wa kufanya haya, tafuta fundi mwingine, hata kama ni Dar, na kabla hujamwachia mashine muulize atafanya nini kwanza. Akijibu kwamba anatoa nakala ya diski na kufanyia kazi nakala, endelea kuongea naye. Muulize pia picha atazihifadhi wapi, na kama atakuonyesha orodha ya alivyopata kabla hujalipa hela kamili. Hela ya kupima ni haki yake, hela yote kabla ya kuona kitu hapana. Na kwa kuwa hizo ni sherehe za watu, kuna watoto, kuna kina mama kwenye kichenpati, mkubaliane kwa maandishi kwamba habaki na nakala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na sura ya mtu kwenye picha ni taarifa yake.

Sasa sikia, nimeongea sana habari ya diski lakini ningekuwa wewe leo hii jioni ningeanza na memori kadi. Kusanya kadi zako zote, zote kabisa, na ile iliyopotea kwenye begi la taa. Usipige tena picha hata moja kwa kadi hizo. Ukifomati kadi ndani ya kamera kwa njia ya kawaida inafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka upige nyingine juu yake. Labda uwe umechagua ule ufutaji wa kina ambao Canon nyingi wanauweka kama tiki ya ziada. Kwa hiyo kama baada ya ile harusi kadi moja ilipumzika, au ilipiga shughuli ndogo isiyoijaza, PhotoRec inaweza kuzitoa humo picha ambazo hata diski haina habari nazo tena. Kadi ya GB 64 inamalizika kwa muda mfupi sana ukilinganisha na diski ya TB 1. Nunua kadi mpya moja au mbili kwa ajili ya kazi za wiki hii, za zamani zikae pembeni.

Halafu pita sehemu ambazo picha zako zilishapita. Labu unayosafishia album, mara nyingi mafaili ya oda wanakuwa nayo bado. Wateja wa zamani uliowapa flashi, waombe wakukopie, wengi watakubali. Barua pepe, Google Drive, simu yako, status ulizoweka kutangaza kazi. WhatsApp inabana picha zikitumwa kama picha, ila zile ulizotuma kama dokumenti zinabaki na ubora wake wote. Na kwa ile harusi ya bibi, msaidizi wako kama ulikuwa na wa pili siku hiyo, mpiga video, MC, ndugu wenye simu nzuri, kila mmoja ana kitu. Bibi aliyecheza harusini hakosi kuwa kwenye simu za watu kumi.

Hapo ndo tunafika kwa wateja. Umewaambia zinakuja, na naelewa kwa nini. Jipe muda wa nakala kutoka na TestDisk kupita, siku tatu nne hivi, kwa sababu kabla ya hapo hata wewe hujui unawaambia nini, halafu nenda. Siyo meseji. Kwa familia yenye msiba nenda kwa miguu yako, ukae nao, uwaeleze kilichotokea na kilichofanyika na kilichopatikana hata kama ni picha thelathini. Uwaambie pia unaomba ruhusa ya kukusanya za ndugu kwenye simu na kuzisafisha bila malipo, uwatengenezee albamu ya bibi yao. Hela ya zile ambazo hazitapatikana rudisha, hata kwa awamu. Usiwafiche wakaja kusikia kwa fundi, Morogoro siyo kubwa. Mteja wa pili ambaye hana msiba anaweza kukasirika zaidi, mvumilie, ana haki.

Mdogo wako. Hapa sikubaliani na mama kwamba ni vitu tu, kazi yako ni kazi yako na maumivu yako ni ya haki, lakini pia dada yangu angalia ile skrini aliyokutana nayo. Inakuja na onyo lake kwamba itafuta programu, nyaraka na picha za mifumo yote, ni kweli, liko kwa maandishi madogo kwa Kiingereza, na kijana amelelewa kwenye nyumba ambayo kila fundi anasema ukiweka mfumo mpya D haiguswi. Alichojua yeye ndo ulichojua wewe. Na mara nyingine ile chaguo ya kuweka Ubuntu pembeni ya Windows haitokei kabisa, hasa Windows ikiwa haijazimwa vizuri au diski imefungwa, mtu anabaki na kufuta yote au ile ya kugawa kwa mkono ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haielewi. Hata kisanduku cha kuweka Windows kina mtego wake, hakionyeshi herufi C na D, kinaonyesha patisheni namba hii na ukubwa huu, na watu wazima wenye duka wameshafuta za watu pale.

Lakini mbali na msamaha, unamhitaji. Ndo pekee anayejua alipakua toleo gani la Ubuntu, aliitumia muda gani, alipakua nini baada ya hapo, kama alijaribu kurekebisha mwenyewe kimya kimya kwa hofu kabla hujaamka, maana hilo la mwisho vijana wanalifanya sana na linabadilisha kabisa tunachotegemea kukuta. Akiwa anakuogopa hatakwambia. Mgongee mlango, mwambie unahitaji msaada wake kuzipata hizo picha, mpe kazi ya kuitengeneza hiyo nakala pamoja na fundi, akae pale masaa yote inapokopi. Maneno makali uliyomwambia mwombe radhi, yeye naye akuombe ya kwake, mkiwa mnaifanya kazi moja itakuwa rahisi kuliko mkikaa mezani mbele ya mama.

Na Linux ya chuo anaihitaji bado, haitamsubiri. Laptopu ikishatolewa ile diski nunueni SSD ndogo, hata ya GB 256, muweke Windows humo, yeye atumie WSL ambayo ni Linux inayokaa ndani ya Windows 10 au 11, inawekwa kwa amri moja bila kugusa patisheni yoyote na kwa masomo mengi ya mwaka wa kwanza inatosha. Kazi zako usiziweke tena humo peke yake. Zikae kwenye eksteno na sehemu nyingine ya pili nje ya nyumba, na kadi usiifomati mpaka uzione zinafunguka kote kuwili.

Ukishapata ile nakala niandikie TestDisk imeonyesha nini, hata kwa kupiga picha skrini na simu, nitakusomea na kukwambia hatua inayofuata kabla hamjabonyeza kitu.